Wanaopanga safari ya mlimani wapange kwanza kushuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wa pikipiki wanaojiandaa kwenda milimani Agosti hii, na kupitia kwao niwafikie pia wenye dhamana ya leseni na barabara. Mimi ni fundi pikipiki. Gereji yangu iko Magomeni, na kazi hii naifanya mwaka wa 21 sasa. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, na kama ilivyo kila mwaka vijiweni watu wameshaanza kupanga safari. Wapo wa Lushoto, wapo wa Tukuyu, wapo wanaotaka kuupanda mlima Kitonga wafike Iringa na kuendelea mbele. Wengi wanalenga sikukuu ya Nane Nane, kwa kuwa wakati huo barabara ni kavu na vumbi la mikoani bado halijawa kali.

Jumamosi iliyopita walinijia watatu wanaopaki Mwananyamala. Pikipiki zao zote ni za cc 150, nzima, zinaingiza hela kila siku. Wakaniagiza nibadili oili, nikaze cheni, nifunge taa ya ziada mbele na kishikio cha simu kwenye usukani. Mmoja akaniuliza, "Fundi, hii itapanda Lushoto tukiwa wawili?" Nikamwambia itapanda. Nikangoja aulize la pili. Hakuuliza, na wenzake nao hawakuuliza. Nililokuwa nangoja ni hili: je, itashuka?

Nikawaomba dakika kumi. Nikaisimamisha pikipiki ya yule kijana kwa stendi kubwa, nikafungua tairi la nyuma. Ngoma ya breki, lile bakuli la chuma katikati ya tairi, ilipoachia, vumbi jeusi likanimwagikia kiganjani. Breki shuu, yale mapande mawili yenye umbo la mwezi mchanga, zilikuwa zimelika: moja kitambaa chake, ile sehemu inayosugua ngoma, kimebaki chembamba kama kadi ya simu, ya pili chuma kimeshaanza kugusa chuma. Nikampa kijana ngoma apitishe ukucha kwa ndani. Ukucha ukakwama kwenye mfereji uliochimbwa na kile chuma. Akanitazama, akasema, "Lakini fundi, mbona inasimama?"

Ni kweli inasimama. Inasimama hapa Dar es Salaam, kwa sababu mji wetu ni tambarare. Toka Magomeni uende Posta, uende Mbagala, uende Tegeta, breki unaikanyaga sekunde mbili kwenye taa au daladala likikuchomekea, kisha unaiachia. Ngoma inapata joto kidogo, upepo unaipoza, safari inaendelea. Breki iliyochoka namna ile inaweza kukubeba mjini miezi na miezi bila kukuambia kwamba imechoka. Mlimani ndiko itakakokwambia, na hapo hutakuwa na nafasi ya kuijibu.

Kutoka Lushoto mjini mpaka Mombo ni kilomita 33 hivi. Lushoto iko kwenye mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko kwenye mita 400 na kitu. Yaani katika kilomita hizo chache unashuka mita elfu nzima, kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande ule. Asiyejua anaikanyaga breki ya nyuma akitoka Soni, mji mdogo ulio njiani, na haiachii mpaka anaiona reli ya Mombo.

Pigeni hesabu pamoja nami. Pikipiki ya cc 150 ina kilo kama 115. Mimi nina kilo 78, mke wangu 70, begi letu 20. Jumla ni karibu kilo 280. Wakati wa kupanda, petroli ndiyo iliyozibeba kilo hizo. Wakati wa kushuka, lazima kuwe na kitu cha kuzizuia, na kila kinachozuiwa kwa kusuguana huzaa moto. Kazi yote ukiiachia breki, moto wote unaingia kwenye ngoma yenye kipenyo cha milimita 110 au 130, kitu ambacho kiganja changu kinakifunika. Kitambaa cha breki kikizidiwa na moto kinang'aa kama kioo, hakishiki tena. Unakanyaga pedeli mpaka mwisho na pikipiki inakwenda tu. Wenye breki ya diski mbele nao wasijione wamepona. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka bila kubadilishwa huwa yamenyonya unyevu, na yakichemka yanatoa mapovu. Mkono wa breki unaubana unafika kwenye usukani, na tairi halina habari.

Haya sikuyasoma darasani. Mwaka 1996, nikiwa na miaka 19, nilikuwa utingo wa lori la Mbeya. Dereva wetu alikuwa mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Kitonga, tulipokuwa tukirudi Dar na mzigo wa mahindi, alikuwa anasimamisha lori juu kabisa kabla mteremko haujaanza. Mimi nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anazunguka lori lote, anasogeza mgongo wa mkono kwenye kila ngoma ya tairi kupima joto, ananusa. Breki zilizoungua zina harufu nzito kama kwato za mbuzi zinazochomwa kwa ajili ya supu, na ukiisha kuinusa mara moja huisahau. Akiridhika anapanda, anaingiza gia nzito, yaani ya namba ndogo, palepale kwenye tambarare, ndipo anaanza kushuka polepole. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia. Ukingoja mteremko ukukimbize ndipo utafute gia, haitaingia." Halafu akaongeza, "Mpanda ngazi hushuka." Methali hiyo nilikuwa nimeizoea ikisemwa kwa wenye makuu. Yeye aliisema ameshika usukani, anatazama bonde.

Pamoja na kufundishwa vile, nilikuja kuyapuuza, na ndiyo maana naandika kwa uchungu. Mwaka 2014 nilikwenda Lushoto kwenye msiba wa baba mkwe wangu. Siku ya kurudi, shemeji yangu alinipa pikipiki niendeshe mpaka Mombo nikapande basi, yeye akakaa nyuma ili airudishe. Ukweni walikuwa wametufungashia kiroba cha viazi. Tulipofika juu ya mteremko shemeji akaniambia, "Zima injini, shemeji, huku wote tunaserereka, tunabana mafuta." Nikazima. Nikatoa gia. Tukapita Soni vizuri, upepo mwanana, pikipiki kimya kabisa, nikaona kweli huu ndio ujanja. Kilomita chache chini ya Soni nikaona lori la kabichi limejaa kwenye kona. Nikakanyaga. Pedeli ikashuka yote mpaka ikagonga. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Breki ya mbele nikaibana mpaka mkono ukaniuma, ikapunguza kidogo tu. Sikuwa na muda wa kuwasha injini wala wa kutafuta gia.

Nilichagua mtaro wa upande wa mlima. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, shemeji akachunika mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Kina mama waliokuwa wanatoka shamba ndio waliotuokota, wakanifunga bega kwa kanga. Mmoja wao alikuwa na kidumu, akamwagia maji tairi la nyuma akidhani pikipiki inawaka. Yale maji yalichemka juu ya ngoma, yakatoa sauti kama yamemwagwa kwenye kikaango cha moto. Nililala pale kwenye majani nikiyasikiliza. Wiki nane sikushika spana.

La pili ni zito zaidi kwangu, kwa sababu halikunipata mimi. Desemba 2021 mteja wangu, kijana mwenye adabu sana, alileta pikipiki nimfungie cheni mpya na kubadili oili. Nikafanya kazi, nikapokea hela yangu. Hakuniambia kwamba anakwenda kwao kwenye milima ya Uluguru, nami sikumuuliza. Tairi la nyuma nililitoa ili nifunge cheni na sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni; ngoma ilikuwa mkononi mwangu, na sikuitazama. Alianguka akiwa anashuka. Leo anatembea kwa gongo. Amekuja gerejini mara mbili kunisalimia, hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Tangu hapo, hakuna pikipiki inayotoka kwangu kabla sijamuuliza mwenyewe anakwenda wapi.

Sasa niseme jinsi tulivyoipanga safari yetu ya Agosti, maana wengi wananiuliza. Tuko pikipiki tano, watu tisa. Tulipokaa na daftari, jambo la kwanza tuliloandika lilikuwa siku na saa ya kushuka: tarehe 11 Agosti, saa 3 asubuhi, ukungu ukishainuka. Vingine vyote tukavipanga kurudi nyuma kutoka hapo. Tumefanya hivyo kwa sababu najua wateja wangu wanavyopanga. Wanahesabu siku ya kuondoka, mahali pa kulala, mahali pa kupiga picha, halafu kurudi kunaachwa kujipange kwenyewe. Matokeo yake wanashuka jioni ya siku ya mwisho, wamechoka, giza linaingia, kesho yake kuna kazi, na kila mtu anamkimbiza mwenzake. Mtu anaupanda mlima akiwa mpya na pikipiki ni nyepesi. Anaushuka amelala vibaya siku nne na pikipiki ina mzigo.

Mzigo huu niuseme wazi, kwa sababu watu hawaufikirii. Ukweni au kwa wazazi hawakuachi uondoke mikono mitupu. Utapewa viazi, karoti, kabichi, na kukataa ni kuwavunjia heshima. Kwa hiyo ulipanda na begi la kilo 20, unashuka na kilo 60, na breki ni zilezile, tena zimepungua kwa siku ulizozunguka huko juu. Sisi tumekubaliana kwamba zawadi tutazipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kisha zitapanda basi pale Lushoto na kutungoja Dar. Mke wangu ameshamweleza mama mkwe kwa simu, na mama amesema afadhali hivyo, kwa kuwa tangu ile 2014 hapendi kuniona na kiroba.

Kwenda tutaondoka Magomeni saa 11 alfajiri tarehe 6. Hatutapita Chalinze. Tutashika Barabara ya Bagamoyo, kisha ile lami ya Bagamoyo hadi Msata yenye kilomita 64. Barabara ya Morogoro mpaka Chalinze ina malori ya Zambia, ya Kongo na ya Rwanda, na mwenye pikipiki pale anapigwa upepo na kusukumwa pembeni mpaka anachoka kabla ya safari kuanza. Toka Msata tunakwenda Wami, ambako sasa kuna daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya mita 500. Wenye umri wangu wanalikumbuka lile jembamba la zamani na miteremko yake ya kuingia. Palitoa roho nyingi pale. Kisha Mkata, Kabuku, chai Segera, Korogwe, Mombo. Sipangi mwendo wa kushindana. Tukifika Mombo saa 7 mchana inatosha.

Mombo tutakaa saa nzima chini ya mti. Injini zipoe, tupime upepo wa matairi, tuguse ngoma na ringi, tuangalie cheni. Halafu tunapanda kabla ya saa 9, ili tufike Lushoto jua lingalipo. Kupanda sina wasiwasi nako. Juu hewa ni nyepesi na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inaendelea kutoa mafuta kama iko Kariakoo, kwa hiyo injini inakuwa nzito na plagi inaingia weusi. Vijana wengine huniambia niwachokonolee kabureta. Kwa safari ya siku tano hakuna haja. Shuka gia moja, nenda taratibu, utafika. Nilichofanya kwenye yangu ni kupunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Nitapoteza mwendo kidogo kwenye lami ya Msata, lakini mlimani injini itapanda bila kulia, na wakati wa kushuka itabana zaidi.

Kubana huko kwa injini ndiyo breki ambayo watu wa Dar hatujui kuitumia. Ukiwa kwenye gia ya pili au ya tatu, ukiachia resi, injini inageuka mzigo na kuishika pikipiki yenyewe. Breki unabaki nayo kwa ajili ya kona na dharura. Unaigusa mbele na nyuma kwa pamoja, unaiachia ipumue, unaigusa tena. Ukisikia unalazimika kuikanyaga muda wote, gia uliyo nayo ni nyepesi mno. Simama kabisa, shuka gia.

Na hili la kuzima injini ili kubana mafuta nataka nilijibu kwa hesabu, maana mwaka jana nilibishana nalo na kijana mmoja wa bodaboda pale stendi ya Lushoto. Aliniambia kwa heshima, "Baba, petroli ghali, sisi tukishuka tunazima, ndiyo faida yetu." Nikamuuliza lita moja inampeleka wapi. Akasema kilomita 40 na zaidi. Nikamwambia, basi kutoka hapa mpaka Mombo hata ukienda kwa kuvuta resi hufikishi lita moja, na ukishuka kwa gia umeachia resi injini haili hata nusu yake. Unachookoa ni chini ya nusu lita. Breki shuu nazo ni hela, na ukiserereka kila siku unazimaliza upesi. Faida iko wapi? Akanyamaza, akacheka kidogo, akasema atajaribu. Sijui kama alijaribu. Natumaini.

Baridi nayo ni jambo la breki. Mtu wa Dar anajua baridi ni ya kuvaa koti tu. Lushoto mwezi wa nane asubuhi, ukiendesha bila glovu za maana, baada ya robo saa vidole vinakufa ganzi. Vidole vikifa ganzi, mkono wa breki unaubana umechelewa, na kwenye kona kuchelewa kidogo tu kunatosha. Tutabeba glovu nene na soksi za ziada. Ile siku ya kwenda Mtae kupitia Magamba ndiyo ninayoiogopea baridi zaidi, kwa sababu msitu wa Magamba unafunika jua na barabara ya kivulini haikauki upesi. Lakini Mtae lazima tufike. Mke wangu alinisimulia tangu tukiwa wachumba kwamba kule unasimama ukingoni mwa mlima na kuiona tambarare ya Mkomazi yote chini yako, na siku hewa ikiwa safi unauona Kilimanjaro. Miaka 19 ya ndoa sijawahi kumpeleka.

Halafu mazoezi. Vilima vya kujifunzia tunavyo hapahapa. Tangu Juni tumeshakwenda Jumapili mbili kwenye miteremko ya Pugu kuelekea Kisarawe, na tutakwenda ya tatu. Mara ya kwanza kila mtu peke yake: unapanda, unageuza, unashuka kwa gia ya pili bila kugusa breki, ili mwili uizoee sauti ya injini inayobana. Wengi mwanzoni wanashtuka, wanadhani inaharibika. Mara ya pili tukaenda na abiria wetu. Abiria naye hufundishwa. Mke wangu alikuwa kila kona analalia upande wa pili kwa woga, na mimi napigana na usukani. Nikamwambia atazame bega langu la upande tunaokata, basi. Baada ya mizunguko sita tulikuwa tunakata kona kama mtu mmoja.

Hapa ndipo ombi langu kwa wakubwa linapoanzia. Mimi nilijifunza pikipiki katika chuo kimoja hapa jijini, sitakitaja. Nilizungushwa namba nane kati ya koni kwenye uwanja wa mpira, nikafundishwa alama na ishara za mikono, nikafaulu. Vyote vile vina maana na nashukuru. Lakini sikufundishwa hata dakika moja kwenye mteremko, na leseni yangu ya daraja A inaniruhusu kwenda Lushoto, Kitonga, Rungwe, popote. Vijana wanaonijia ninapowauliza wananiambia nao walipita njia hiyohiyo. Naomba vyuo vya udereva na Kikosi cha Usalama Barabarani wafikirie kuweka somo la saa moja la kushuka mlima, na mtihani wake. Kwa Dar, Pugu iko karibu.

Ombi la pili ni la wenzetu wa barabara. Sehemu za juu ya miteremko mikubwa, kabla kona za kwanza hazijaanza, pawekwe eneo pana la kusimama pembeni, lenye ubao mkubwa ulioandikwa kwa Kiswahili cha kila mtu: SIMAMA, GUSA BREKI, INGIZA GIA NZITO, USIZIME INJINI. Soni panafaa. Sehemu kama hiyo ingewasaidia pia wenye malori ya mboga wanaoshuka usiku kuwahi masoko ya Dar. Na mvua za masika zinapoangusha udongo na mawe kwenye barabara ile ya Mombo, mawe madogo hubaki kwenye kona hata kiangazi. Lori haliyajali, pikipiki moja inalala chini. Yafagiliwe.

Wauza spea nao nawaomba kitu. Zipo breki shuu za bei ya chini ambazo kitambaa chake kinameguka kama mkate mkavu nikikiminya kwa koleo. Ninazo gerejini nilizozitoa kwenye pikipiki za wateja, zikiwa na wiki tatu tu tangu zifungwe. Mnaponunua mzigo, nunueni mkijua kwamba kuna mtu ataifunga ile kitu na kumpakia mtoto wake nyuma.

Nawe Mhariri, gazeti lako huandika ajali zikishatokea, na ni sawa, lazima watu wajue. Naomba siku moja umtume mwandishi asimame Soni asubuhi mpaka jioni, ahesabu pikipiki zinazoshuka kimya, injini zimezimwa. Atazisikia kwa kutozisikia. Aandike tu alichokiona.

Wale vijana watatu wa Mwananyamala waliacha pikipiki zao kwangu mpaka jioni. Zote tatu nimezifunga breki shuu mpya, moja nimeibadilisha na ngoma. Kishikio cha simu wakasema kingoje.

Kuanzia Jumamosi hii mpaka tarehe 5 Agosti, yeyote anayekwenda milimani na pikipiki alete Magomeni, aulize fundi wa pikipiki mwenye mti wa mwarobaini mbele ya gereji. Nitafungua tairi la nyuma, nimwonyeshe ngoma na breki zake, apitishe ukucha mwenyewe. Hela ya ufundi sitaki. Kama spea inahitajika atanunua anakotaka, nami nitaifunga. Waje asubuhi, saa 2 ninakuwa nimeshafungua.

Fundi pikipiki,
Magomeni, Dar es Salaam